Boksi la Chokoleti na Kakao Iliyouzwa Ikiwa Maua

Kila ifikapo wiki ya mwisho ya mwezi Desemba, mabasi yatokayo Dar es Salaam na Mbeya huteremka kutoka miinuko ya Rungwe yakiwa yamejaa wana wa Kyela warudio nyumbani. Wengine hushukia mjini, wengine huendelea hadi Ipinda na Matema, na wengine hadi Kasumulu penye mpaka wa Malawi. Huleta vitenge vya mama, mashati ya baba na viatu vya watoto. Na siku hizi wako waletao pia boksi la chokoleti za mchanganyiko, lenye kifuniko king'aacho na utepe mwekundu. Katika baadhi ya jamaa za Kikristo jambo hili limekwisha kuwa desturi. Boksi huwekwa juu ya meza, halifunguliwi mpaka watu warudi kanisani, kisha huzungushwa kwa utaratibu, mkubwa akitangulia na mdogo akifuata, kila mtu akichagua moja.

Sisi Waislamu wa ufuko huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa hatuishi peke yetu. Wamisionari wa Kiberlin na wa Kimoraviani walifika katika nchi hii mwaka 1891, na walio wengi miongoni mwa jirani zetu ni Wakristo. Ni nyumba chache za Waislamu zisizo na shangazi, mjomba au bibi aliye Mkristo. Hivyo boksi lile hufika mikononi mwetu pia, na kila mwaka waumini hutuuliza swali lile lile: Je, Mwislamu anayepewa chokoleti za Krismasi na ndugu zake azipokee au azikatae?

Tumeona ni wajibu wetu kulijibu swali hilo waziwazi. Lakini tukio moja limetuonyesha kwamba nyuma yake kuna swali jingine, zito zaidi, ambalo hakuna anayetuuliza. Tunalisimulia bila kutaja jina wala kijiji, kwa sababu nia yetu si kumwaibisha mtu.

Desemba moja, baada ya sala ya Isha, alitujia ndugu yetu mmoja akiwa amefadhaika. Mama yake ni Mkristo, na dada yake mkubwa, ambaye naye ni Mkristo, huja kutoka Dar es Salaam kila Krismasi na boksi la chokoleti kwa ajili ya wajukuu wote wa nyumba ile. Mwaka ule ndugu yetu aliwakataza watoto wake wasiliguse. Dada alinyamaza, mama alilia. Ndugu yetu alitaka tumwandikie maneno machache ya kumthibitishia kwamba alitenda haki. Tulimwomba kwanza atupeleke tukamwamkie mama.

Tulimkuta bibi ameketi kibarazani, na mbele yake shamba lake dogo la mikakao chini ya kivuli cha migomba. Alitukaribisha kwa adabu ya Kinyakyusa na kutushukuru kwa kumtembelea: "Ndaga fijo, wanangu." Tulipogusia habari ya boksi, hakutetea Krismasi wala hakuilaumu dini ya mwanawe. Alisema neno moja tu: "Chokoleti ya dada yake ameikataa, lakini kakao yangu aliipokea ikiwa bado maua." Ndugu yetu aliinamisha kichwa. Nasi tulielewa kwamba tulikuwa tumeitwa kuamua shauri dogo, na shauri kubwa lilikuwa limesimama mtini mbele ya macho yetu.

Tuanze na lile dogo. Sisi hatuadhimishi Krismasi, wala hatuiingizi katika ibada zetu. Tunamheshimu Nabii Isa a.s. kuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, na hatumfanyi zaidi ya hapo. Lakini kutoadhimisha sikukuu ya mtu ni jambo moja, na kumvunjia mtu huyo heshima kwa kuikataa zawadi yake ni jambo jingine. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Mumtahina aya ya 8, inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa katika majumba yetu.

Aya hiyo inahusishwa na kisa kinachofanana kabisa na hiki cha Kyela. Bibi Asma, binti wa Sayidna Abubakar r.a., alitembelewa Madina na mama yake Qutaila, ambaye alikuwa bado katika ushirikina. Imesimuliwa katika Musnad ya Imamu Ahmad kwamba mama huyo alimletea binti yake zawadi, na Asma akakataa kuzipokea na hata kumkaribisha nyumbani mpaka aulize. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alimwamuru azipokee zawadi hizo na amwingize mama yake nyumbani. Basi, ikiwa zawadi ya mama mshirikina ilipokewa kwa amri ya Mtume s.a.w., itakuwaje zawadi ya dada aliye katika Watu wa Kitabu itupwe?

Pia imepokewa kwamba Bibi Aisha r.a. aliulizwa kuhusu zawadi ambazo Waislamu walipewa na wanyonyeshaji wao wa Kimajusi katika siku ya sikukuu yao. Alijibu kuwa kilichochinjwa kwa ajili ya siku hiyo wasile, lakini vitokavyo katika miti yao wale. Na chokoleti, ndugu zetu wapendwa, hutokana na mti. Tena mti ambao watu wa Kyela wanaujua vizuri kuliko wengi waufungao utepe.

Liko sharti moja la kuangaliwa. Baadhi ya maboksi haya huwa na chokoleti zilizojazwa pombe kama vile ramu au brandi, na nyingine huwa na jelatini itokanayo na nguruwe. Mzazi asome maandishi yaliyo ubavuni mwa boksi. Akikuta kilicho haramu, akiweke kando kwa upole na kumweleza ndugu yake faraghani; hakuna haja ya kelele mbele ya watoto. Na aliyepewa arudishe wema kwa wema. Idd ikifika, boksi la tende au sinia la vitumbua liende kwa shangazi huyo huyo, ili watoto waone kwamba Uislamu hautufundishi kupokea tu.

Wako watakaosema kwamba boksi lenyewe ni alama ya ibada ya Kikristo. Historia haikubaliani nao. Maboksi ya chokoleti yaliyopambwa kwa picha yalianza kuuzwa na kampuni ya Cadbury ya Birmingham, Uingereza, mwaka 1868, na picha za kwanza zilichorwa na Richard Cadbury mwenyewe. Akina Cadbury walikuwa Wakweka, wafuasi wa dhehebu ambalo huko Kenya linajulikana kama Kanisa la Marafiki, na kwa desturi yao ya kale Wakweka hawakuipa siku ya Krismasi utukufu kuliko siku nyingine. Kopo la Quality Street, ambalo Waingereza wengi hawaioni Krismasi imekamilika bila hilo, lilianza kutengenezwa na kampuni ya Mackintosh ya mjini Halifax mwaka 1936. Desturi hii, basi, haikutoka madhabahuni. Ilikuzwa na viwanda na maduka. Ni biashara, na biashara hupimwa kwa mizani ya biashara: Je, ndani yake kuna dhuluma?

Na hapa historia ya akina Cadbury ina somo kwetu. Walikuwa watu wacha Mungu kwa kadiri ya dini yao, wenye sifa ya kuwatunza wafanyakazi wa kiwandani kwao. Lakini sehemu kubwa ya kakao yao waliinunua kutoka kisiwa cha São Tomé, chini ya utawala wa Wareno, ambako watu waliochukuliwa Angola walifanyishwa kazi katika hali ya utumwa. Habari hizo zilianza kumfikia William Cadbury mwaka 1901, naye akafanya uchunguzi na mazungumzo. Lakini kampuni iliacha kununua kakao ile mwaka 1909 tu. Kwa miaka 8 boksi lilikuwa zuri, utepe ulikuwa mwekundu, na ndani yake mlikuwa na jasho la mtu asiye na uhuru. Hatusemi haya ili tuwacheke. Tunayasema kwa sababu mcha Mungu huweza kuwa mwangalifu sana wa mambo yaonekanayo, na macho yake yasione mahali bidhaa yake inapotoka.

Sasa tulitazame shauri kubwa. Wilaya ya Kyela ni miongoni mwa wilaya zinazoongoza kwa kilimo cha kakao katika Tanzania. Mti wa kakao hutoa maua yake kwenye shina na matawi makubwa. Maua yaliyo mengi hupukutika, na machache tu hugeuka kuwa matunda. Tangu ua mpaka tunda kuiva hupita kiasi cha miezi 5 au 6. Mkulima huvuna, hupasua tunda, hutoa punje zenye ute mweupe, huzivundika siku 5 hadi 7, kisha huzianika juani muda wa wiki moja hivi na zaidi mvua ikinyesha. Kilo 3 za punje mbichi hubaki kama kilo 1 ya punje kavu. Kakao kavu hupokewa na chama cha msingi cha ushirika, hupelekwa ghalani na kuuzwa mnadani kwa utaratibu wa stakabadhi, ambao msingi wake ni sheria ya mwaka 2005.

Katika miezi hiyo 5 au 6 ya kungoja, mkulima mdogo huwa na shida zake. Mtoto huumwa. Januari hufika na sare na madaftari. Na Desemba, kwa Mkristo, huja na mahitaji ya sikukuu, kama vile mwisho wa Ramadhani ujavyo na yake kwa Mwislamu. Hapo ndipo ajapo mtu mwenye fedha mkononi na kuinunua kakao ikiwa bado mtini, pengine ikiwa bado maua. Wenyeji huiita biashara hii njemke. Viongozi wa serikali wameikemea mara nyingi, nayo bado ipo.

Tuchukue mfano ili jambo lieleweke. Bibi mwenye shamba anahitaji shilingi 100,000 mwezi Desemba. Mnunuzi anampa fedha hizo, na kwa malipo yake anachukua mazao yote ya mikakao kadhaa. Msimu ukifika, miti hiyo ikitoa kilo 30 kavu na bei ya mnada ikiwa shilingi 10,000 kwa kilo, mnunuzi anapata shilingi 300,000. Bibi aliyepanda, aliyepalilia na aliyelinda shamba dhidi ya wezi amepata theluthi moja, na alikwisha kuitumia zamani. Na kama ugonjwa ukiangusha matunda, mnunuzi hudai fedha zake au miti ya msimu ujao, na deni huzaa deni.

Tukumbuke pia yaliyotokea mwaka 2024. Kakao ilipopungua katika nchi za Ivory Coast na Ghana, ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, bei ya soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani mwezi Machi, na Desemba ya mwaka ule ikapanda zaidi, kabla ya kushuka tena mwaka 2025. Katika minada ya Kyela nako bei ilipanda kwa kiasi ambacho wazee hawakupata kukiona. Waliokuwa na kakao yao mkononi waliezeka nyumba kwa mabati. Waliokuwa wameiuza ikiwa maua waliisikia bei ile kama mtu asikiavyo ngoma ya harusi ya jirani.

Uislamu umesema nini juu ya biashara ya namna hii? Umesema, tena kwa uwazi. Mtume Mtukufu s.a.w. alikataza matunda ya mti yasiuzwe mpaka uivaji wake udhihirike, na alimkataza muuzaji na mnunuzi pia. Katika mapokeo ya Anas r.a. inaelezwa sababu yake kwa njia ya swali: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda yasitoke, mtu atahalalisha kwa lipi kuichukua mali ya ndugu yake? Hadithi hizi zimo katika Sahihi Bukhari. Hazikuelezwa kwa ajili ya mitende ya Madina peke yake. Mkakao wa Ipinda nao ni mti, na ua lake nalo si tunda.

Wako watakaojitetea kwa kusema kwamba sheria yetu inaruhusu malipo ya mbele, yaani salam. Ni kweli. Mtume s.a.w. alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende miaka miwili na mitatu kabla, akawawekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Njemke haina hata kimoja katika hivyo. Hununua miti fulani, kwa uzito usiojulikana, na hutegemea shida ya muuzaji. Anayetaka kufuata salam aandike kilo ngapi, za ubora gani, kwa siku gani na kwa bei gani, mbele ya mashahidi, na bei iwe ile ambayo yeye mwenyewe angeridhika nayo kama mama yake ndiye muuzaji. Na katika kisa chetu, muuzaji alikuwa mama yake kweli.

Ndugu yetu hakujibishana nasi. Wiki chache baadaye alitueleza kwamba fedha alizompa mama yake amezigeuza kuwa mkopo usio na faida, na kwamba kakao ya shamba lile itapelekwa chamani kwa jina la mama. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini alituambia pia, kwa masikitiko, kwamba anayo mikataba mingine kama ile kwa majirani, na kwamba si yeye peke yake katika safu zetu za sala. Ndiyo maana tumeshika kalamu.

Tunawaomba waumini wa misikiti yetu, tangu Kyela mjini hadi Matema, watende mambo matatu. Kwanza, asiyeacha njemke kwa amri ya serikali aiache kwa amri ya Mtume wake, na mikataba iliyopo igeuzwe kuwa mikopo ya kawaida: mtu arudishiwe alichotoa, bila ziada. Pili, kila jamaa ianzishe mfuko mdogo wa mkopo mwema, yaani qardhu hasana, utakaokuwa tayari kila Novemba. Waumini 40 wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa muda wa miezi 10 watakuwa na shilingi 2,000,000, nazo zinatosha kuwaokoa watu 20 wenye shida kama ya bibi yule. Mfuko huo usimbague mkulima kwa dini yake. Njaa ya Januari haiulizi mtu anasali wapi. Tatu, wanaopima kakao wakumbuke Sura Al-Mutaffifin, inayowaonya vikali wale ambao wakijipimia hutimiza, na wakiwapimia wengine hupunguza.

Kurani Tukufu inaposimulia kuzaliwa kwa Nabii Isa a.s., katika Sura Maryam aya ya 25, inataja chakula kilichoandaliwa kwa ajili ya mama yake katika saa ya uchungu: tende mbivu, zilizomwangukia alipolitikisa shina la mtende. Hayo yalikuwa matunda yaliyokwisha kuiva, yaliyotolewa kwa mwanamke mwenye shida, bila kumdai kitu. Anayetaka kumheshimu Isa a.s. mwezi wa Desemba, awe Mkristo au Mwislamu, anao hapo mfano wa zawadi.

Basi, boksi la chokoleti likija nyumbani kwako, ewe ndugu, lipokee kwa mikono miwili, msome mlichopewa, mshukuruni aliyeleta, na watoto wale. Kisha toka nje ulitazame shamba la jirani yako. Ukiona kakao yake bado maua na mfuko wake umekauka, mkopeshe, wala usiinunue.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa haki katika biashara zetu, atuunganishe na jamaa zetu, na aibariki miti ya Kyela mpaka matunda yake yaive mikononi mwa wenyewe. Amin.